Mshika Mbili Hakuponyokwa

Kuna methali niliyoipenda tangu utotoni, na ambayo siku moja ya mwaka 2011 ilinichoma masikio. Ilisemwa na kijana mmoja aliyevaa koti jeupe, katika varanda ya hospitali ambayo sitaitaja, mbele ya mkaza mjomba wangu aliyekuwa ameshika chupa ya uji. "Mama," alisema, "mshika mbili moja humponyoka. Mgonjwa wenu ana lugha mbili na ubongo wake umeumia. Kuanzia leo semeni naye Kiswahili tupu. Hicho kilugha chenu kiacheni kabisa, mtamchanganya."

Mkaza mjomba aliitikia kwa kichwa, kama waitikiavyo wazee wetu mbele ya koti jeupe. Nami, niliyekuwa nimefundisha shule miaka 28, niliitikia pia. Nalikiri kosa hilo hapa mwanzoni, ili msomaji asidhani kwamba nimekaa kuwagombeza wengine peke yao.

Mjomba wangu alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika wa pamba. Kisukuma kilikuwa lugha ya nyumbani kwake, ya ng'ombe zake na ya mkewe. Kiswahili kilikuwa lugha ya mizani, ya mikutano na ya redio. Kiingereza alikijua cha daftarini, cha kusomea stakabadhi na kuandikia barua fupi kwa mkubwa wake. Hakuwahi kujiona mtu wa ajabu kwa hilo. Katika nchi yenye lugha zaidi ya 120, mtu wa lugha moja ndiye anayetazamwa mara mbili.

Kiharusi kilimpata alfajiri. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakakatika. Daktari alimwonyesha kalamu, saa na ufunguo, akimuuliza kila mara, "Hii nini?" Mjomba aliangalia, akafumba macho, akasema, "Ile... ile..." Kisha akaamriwa kwa haraka, kwa Kiswahili, afumbe macho, anyoshe mkono wa kushoto, atoe ulimi, amri zote tatu kwa pumzi moja. Hakufanya hata moja. Katika karatasi likaandikwa neno fupi: haelewi.

Neno hilo moja, pamoja na methali ile ya varandani, vilikaribia kumpokonya mjomba wangu mke, shamba na utu uzima wake. Ndiyo maana nayaandika haya kwa hasira ambayo miaka haijaipoza.

Tuanze na mke. Mkaza mjomba alikuwa na Kiswahili cha sokoni: bei, shikamoo, karibu, asante. Walikuwa wameishi pamoja miaka 40 na zaidi kwa Kisukuma. Alipokatazwa kutumia lugha hiyo, hakugeuka Mswahili. Alinyamaza. Kwa wiki tatu alimlisha mumewe uji kimya kimya, akamgeuza kitandani kimya kimya, akamfuta mate kimya kimya. Mtu ambaye tiba yake ni kusemeshwa, tulimfungia katika nyumba ya mabubu, tena kwa agizo la daktari. Mimi nilikuwa nikienda jioni na kumsomea gazeti kwa Kiswahili safi, najiona mpwa mwema.

Siku ya ishirini na ngapi sijui, mama yangu mzazi, dada yake, alifika kutoka safarini. Hakuna aliyekuwa amemweleza amri ya hospitali, na hata angeelezwa sidhani kama angeitii. Aliinama juu ya kitanda akasema, "Mwangaluka." Mjomba akaitikia, wazi kabisa, kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake. Nyumba nzima ililipuka kwa vigelegele. Wazee wa ukoo wakasema: mnaona? Lugha aliyonyonya kwa mamaye haifi. Mwacha asili ni mtumwa. Kiswahili hicho cha hospitali kitupeni nje!

Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili, nami namwomba msomaji asichoke. Wazee wale nao walikosea. Salamu si ushahidi mkubwa. Madaktari wamejua tangu karne ya 19 kwamba mtu aliyepoteza usemi aweza kubaki na salamu, sala, matusi, kuhesabu moja hadi kumi, na hata nyimbo. Maneno ambayo ulimi umeyazoea hata hauulizi tena ruhusa. Tulipomwuliza mjomba kwa Kisukuma jina la kikombe, alikwama vilevile. Siku hiyo tulikuwa tumepata mlango mmoja ulioachama kidogo, nasi tukadhani tumeipata nyumba yote.

Kwa hiyo nina ugomvi na pande mbili. Upande mmoja wako wanaosema: mpeni lugha moja, iliyo kubwa. Upande wa pili wako wanaosema: mpeni lugha moja, iliyo ya asili. Wote wanakubaliana katika kosa lilelile, kwamba ndani ya kichwa cha mtu mwenye lugha mbili kuna vyumba viwili, na kiharusi kikibomoa kimoja, dawa ni kuhamia kingine na kufunga mlango.

Elimu ya ubongo imesema nini? Mwaka 1861, Paris, daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipokufa, ubongo wake ulikutwa umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa aina nyingine: maneno yao yanamiminika, lakini maana imepotoka na kuelewa kumepungua, na madhara yao yako nyuma zaidi. Ugonjwa huo wa kuvunjika kwa usemi ndio uitwao afasia. Tangu mwanzo, basi, ilijulikana kwamba kutosema ni jambo moja na kutoelewa ni jambo jingine; na kwamba yote mawili si sawa na kupoteza akili.

Wakaja waliouliza: je, mtu wa lugha mbili? Mfaransa Théodule Ribot, mwaka 1881, alishikilia kwamba kilichoingia kwanza katika kumbukumbu ndicho kinachodumu zaidi. Hoja ya wazee wangu hasa. Mfaransa mwingine, Albert Pitres, akajibu mwaka 1895 kwamba inayorudi kwanza ni ile mgonjwa aliyoizoea na kuitumia zaidi kabla ya kuugua, hata kama si ya kwanza kujifunza. Wawili hao wamebishaniwa zaidi ya miaka mia moja, na kila mmoja amepata wagonjwa wa kumuunga mkono. Kisha watu wakaanza kuhesabu. Mwaka 2001 Franco Fabbro wa Italia alitoa habari za wagonjwa 20 waliojua Kifriuli, lugha ya nyumbani, na Kiitaliano, lugha ya shule. Kati yao, 13 walikuwa wameumia sawasawa katika lugha zote mbili. 4 waliumia zaidi katika lugha ya pili. Na 3 waliumia zaidi katika lugha ya kwanza. Hesabu hizo si za wanadamu wote, lakini zatosha kuonyesha kwamba hakuna daktari wala mzee wa ukoo awezaye kusimama mlangoni na kutabiri ni ipi itakayorudi, kabla hajazipima zote.

Na kwa nini wengi huumia sawasawa? Kwa sababu vyumba viwili havipo. Mwaka 2022 watafiti walichapisha picha za ubongo wa wasemaji wa lugha 45 za koo 12, wakakuta mtandao wa lugha uko mahali palepale, aghalabu upande wa kushoto, mbele na pembeni. Na wachunguzi wa watu wenye lugha mbili wamekuta kwamba lugha hizo, kwa sehemu kubwa, zinakaa katika mtandao uleule mmoja. Zote huwa macho wakati wote. Unaposema Kiswahili, Kisukuma chako hakijalala. Kimezuiwa tu, kama mtu aliyeambiwa asubiri zamu. Kazi ya kuzuia na kuruhusu inafanywa na sehemu nyingine za ubongo, zikiwemo za mbele na viini vilivyo ndani kabisa. David Green alilieleza jambo hili mwaka 1986: huenda mgonjwa hajapoteza lugha, amepoteza bawabu.

Mfano ulionifumbua macho unatoka Afrika hii hii. Mtawa mmoja Mfaransa, muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi mjini Rabat, Moroko, alianguka na pikipiki ndogo akaumia kichwa. Alijua Kifaransa na Kiarabu. Michel Paradis na wenzake waliandika habari zake mwaka 1982. Usemi ulipoanza kurudi, ilikuwa kituko: siku moja alisema Kiarabu vizuri na Kifaransa kikamshinda; siku nyingine Kifaransa kikafunguka na Kiarabu kikafunga. Na ajabu zaidi, siku ambazo lugha moja ilimgomea alipotaka kujisemea mwenyewe, aliweza kutafsiri kuingia katika lugha hiyohiyo. Kama lugha ilikuwa imekufa Jumanne, ilifufuka vipi Jumatano? Haikufa. Lango lilikuwa likifungwa na kufunguliwa na mkono usioonekana.

Sasa mrudie kijana wetu wa varandani. Angempima mtawa yule siku moja, kwa lugha moja, angeandika nini? Angeandika: haelewi, hawezi. Na kesho yake karatasi ingekuwa ya uongo. Kumpima mtu wa lugha mbili kwa lugha moja ni kumpima nusu mtu, kisha kumwandikia cheti mtu mzima.

Wapo watakaoniambia kwamba wakaguzi wa usemi ni wachache mno nchini, na vipimo vyenyewe vimeandikwa kwa Kiingereza. Naam, ni kweli. Lakini uchache si ruhusa ya kuandika tusichokijua. Na kutafsiri kipimo cha Kiingereza neno kwa neno hakutoshi. Mwingereza aliyevunjikiwa sarufi aweza kudondosha mwisho wa kitenzi, na kinachobaki bado ni neno la Kiingereza. Chukua neno letu "alinipikia". Ndani yake yumo aliyepika, wakati wa kupika, aliyepikiwa, na kupika kwenyewe. Ukidondosha viambishi vyote unabakiwa na "pik", ambalo si neno la mtu yeyote. Mgonjwa wa Kiswahili hawezi kuangusha vipande hivyo na kuendelea na safari. Aghalabu atabadilisha kimoja kwa kingine, au atakwama. Makosa yake yana sura yake. Ndiyo maana kazi ya Mkenya Tom Abuom, ambaye katika miaka ya 2010 alichunguza pamoja na wenzake Wakenya wenye afasia wasemao Kiswahili na Kiingereza, ni ya thamani kuliko tafsiri kumi za haraka. Imeonyesha kwamba Kiswahili chaweza kupimwa kama Kiswahili. Kisukuma, Kihaya, Kikamba na Kiluo vinangoja zamu yao.

Nisivuke mpaka, hata hivyo. Siku hizi kuna wanaotangaza lugha mbili kama dawa ya duka. Wanautaja uchunguzi wa Hyderabad, India, uliochapishwa mwaka 2016 na Suvarna Alladi na wenzake, wa wagonjwa 608 wa kiharusi. Miongoni mwa waliojua zaidi ya lugha moja, asilimia 40.5 walibaki na akili timamu baada ya kiharusi. Miongoni mwa wenye lugha moja, asilimia 19.6 tu. Ni matokeo mazito, na inafaa yatusimamishe. Lakini uchunguzi uleule ulikuta kwamba afasia yenyewe iliwapata wa makundi yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana. Na kuhusu faida za jumla za lugha mbili kwa akili, wataalamu bado wanavutana mashati. Mimi sihitaji faida hiyo ili nishinde hoja yangu. Hata kama lugha ya pili haimwongezei mgonjwa nguvu yoyote, bado ni yake, na ndiyo anayosemea na mkewe. Kumkataza ni lazima kuwe na ushahidi wa madhara. Nimeutafuta ushahidi huo miaka hii yote katika kila nilichopata kusoma, sikuuona. Nilichokiona ni methali.

Tena hilo la "mtamchanganya" lilituumbua wenyewe. Baada ya mama yangu kuivunja amri, mkaza mjomba alifunguka mdomo. Alimsimulia mumewe habari za majirani, za ndama, za mvua. Polepole mjomba akaanza kutoa maneno, na alichanganya kwelikweli. Siku moja alisema, "Lete minzi." Kitenzi cha Kiswahili, maji ya Kisukuma. Mimi, mwalimu wa sarufi, nusura nimsahihishe. Mkaza mjomba alikwisha nyanyuka. Maji yalifika, yakanyweka. Kuchanganya kule, ambako hospitalini kungeandikwa kuwa ni dalili ya ugonjwa, kulikuwa ni werevu wa mtu anayetafuta njia ya pili baada ya kukuta ya kwanza imezibwa. Nasi wazima tunafanya hivyo kila siku sokoni, na hakuna anayetuandikia faili.

Nimalizie na shamba. Miezi mitano baadaye, ndugu mmoja wa ukoo aliitisha kikao. Ekari sita za mpunga ziuzwe, alisema, kwa kuwa mwenyewe hana fahamu tena. Na akaitoa ile karatasi yenye neno haelewi. Mgeni kutoka serikali ya kijiji, asiyejua Kisukuma, alimgeukia mjomba akamuuliza kwa Kiswahili cha mkutano, kirefu, chenye "kwa mujibu wa" na "endapo". Mjomba alimwangalia tu. Wengine wakaanza kutikisa vichwa kwa huruma, ile huruma inayokwenda kusaini.

Mama yangu akaomba nafasi. Alisogeza kigoda chake mbele ya kaka yake, akamuuliza kwa Kisukuma, taratibu, jambo moja: shamba liuzwe? Mjomba akatikisa kichwa kukataa. Akangoja. Kisha akaligeuza swali: shamba libaki? Akakubali kwa kichwa. Mama hakuwa amesomea tiba yoyote, lakini alijua kwamba mtu anayekubali kila kitu hajajibu, kwa hiyo alimuuliza pande zote mbili. Halafu akamwambia aonyeshe mpaka. Kwa mkono wa kushoto, kwa kijiti, mjomba akachora chini: mfereji, njia ya ng'ombe, mwembe wa pembeni. Aliukosea mstari mmoja, akaufuta kwa kiganja, akauchora upya. Kisha akainua uso akamtazama yule mgeni wa serikali, akatoa neno moja, la Kiswahili: "Bado."

Swali la Kisukuma lilizaa jibu la Kiswahili, kwa sababu aliyehitaji kujibiwa alikuwa Mswahili. Mtu "asiyeelewa" alikuwa ameelewa hata ni nani ndani ya kikao kile asiyejua lugha ya nyumbani. Karatasi ilirudishwa mfukoni. Shamba halikuuzwa. Mjomba aliishi miaka mingine minne na ushee, na mpunga wa shamba lile ulimlisha.

Wako wangapi ambao hawakuwa na dada wa namna hiyo? Swali hilo ndilo linaloninyima raha. Wangapi wametiwa alama ya kidole gumba kwenye karatasi za kuuza, kwa sababu walipimwa kwa lugha moja, kwa haraka, siku ya tatu ya ugonjwa?

Nisemayo hayahitaji mashine wala fedha za wafadhili. Mgonjwa wa kiharusi akipokelewa, aulizwe aliyemleta: alisema lugha gani, na nani, kwa kazi gani? Iandikwe. Apimwe kwa kila moja, hata kama mpimaji ataazima ulimi wa mke, wa mtoto au wa mfagiaji wa wodi. Apimwe tena baada ya wiki, maana lango hufunguka na kufungwa. Neno "haelewi" lisiandikwe bila kuongezewa "kwa lugha gani" na "siku gani". Nyumbani, asemeshwe lugha za nyumbani, polepole, jambo moja moja, kwa maswali ya ndiyo na hapana yaliyogeuzwa pande mbili. Akichanganya, apewe maji kwanza.

Na ile methali? Wahenga waliisema kwa mtu anayekimbilia vitu viwili nje ya mkono wake. Hawakuisema kwa lugha mbili zilizokaa pamoja katika mtu mmoja miaka sitini, kama mke na mume. Mjomba wangu alizishika mbili mpaka siku ya mwisho. Waliotaka moja imponyoke tulikuwa sisi.